Mwongozo kamili: bangili ya kupima joto la ngozi inayojiendesha kwa mwanga wa ndani, bila betri

Wengi wanaojaribu kutengeneza kihisi cha kuvaa kisicho na betri hukwama mahali pamoja. Kifaa kinawaka vizuri mezani karibu na dirisha na kinatuma vipimo kwenye simu. Jioni kinazima. Asubuhi mwanga unarudi, lakini kifaa hakirudi. Mwenyewe ananunua paneli kubwa zaidi, na kesho yake yanajirudia yaleyale.

Mara nyingi paneli haina kosa lolote. Vinavyoua kifaa ni viwili: umeme unaoliwa wakati kifaa kimelala, na namna kinavyojaribu kuwaka tena baada ya giza. Ndiyo maana hapa hatua ya hesabu na hatua ya swichi zimepewa nafasi kubwa kuliko kulehemu.

## Kwa nini mwanga, na si joto la mwili

Swali hili huja kila mara, kwa hiyo tulimalize mapema. Kipande cha kuzalisha umeme kwa joto hakijali mwili wako una joto kiasi gani; kinachokiendesha ni tofauti kati ya ngozi na hewa. Ngozi ya kifundo cha mkono huwa na nyuzi 32 hadi 34 hivi. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hewa iko nyuzi 30 au 32, kwa hiyo tofauti iliyobaki ni ndogo mno. Asubuhi ya Njombe au Limuru mambo ni mengine, na huko chipu kama LTC3108, inayoanza kufanya kazi kwa milivolti 20 tu, ina maana.

Mtikisiko wa kutembea unafaa kwa kiatu kuliko mkono. Mawimbi ya redio na simu hutoa nguvu ya maana pale tu unapokuwa karibu sana na mtambo unaorusha. Kwa mtu anayeshinda ofisini, darasani au wodini, mwanga ndio chanzo cha kutegemea.

## Vifaa

- Seli 3 ndogo za jua za silikoni isiyo na fuwele, zile za vikokotoo, kila moja ya takriban milimita 35 kwa 14, zenye volti 1.5 zikiwa kazini.
- Moduli ya kuvuna nishati yenye chipu ya BQ25504, inayopandisha volti ndogo ya seli na kuchaji kapasita.
- Kapasita kubwa (superkapasita) ya faradi 0.22, volti 5.5.
- Kapasita ya kauri ya mikrofaradi 100.
- Swichi ya mzigo (ya kuwapa redio na kihisi umeme au kuwakatia) TPS22860, au nyingine ambayo uvujaji wake ni wa nanoampia.
- Moduli ya redio ya nRF52832, moduli tupu na si bodi ya majaribio yenye USB.
- Kihisi cha joto TMP117.
- Multimita yenye kipimo cha mikroampia, spiriti ya isopropili, mswaki laini, na kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 1000 kwa ajili ya upimaji.
- Simu yenye programu ya nRF Connect, inayoonyesha vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu.

Usibadilishe seli kwa paneli ya taa ya bustani. Paneli ya fuwele ni bora juani, lakini chini ya taa ya LED, yenye mwanga hafifu usio na miale ya infraredi, huanguka vibaya. Seli ya kikokotoo imetengenezwa kwa mwanga huo.

Usitumie ESP32 pia. Ni chipu nzuri, lakini ikirusha Wi-Fi hufika milliampia 240. Redio ya nRF52832 inatumia milliampia 5.3 tu inaporusha kwa nguvu ya kawaida.

## Hatua ya 1: Pima mwanga pale mkono ulipo

Tumia programu ya simu ya kupima mwanga. Namba yake ni ya makadirio, lakini inatosha. Weka simu pale bangili itakapokuwa, mkono ukiwa kwenye kibodi, ukiwa umening'inia, ukiwa chini ya meza. Utashangaa namna laksi (kipimo cha mwangaza) 400 za juu ya meza zinavyogeuka 150 mkono ukishuka.

Kisha weka seli moja chini ya mwanga wa laksi 200 na upime mkondo wake kwa multimita kwenye kipimo cha mikroampia. Seli nzima itoe mikroampia 12 au zaidi kidogo. Ikitoa 3 au 4, ama ni ya aina nyingine au imepasuka ndani. Irudishe.

Unganisha seli zote 3 kwa sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi. Ukiziunga kwa mfululizo, ile iliyofunikwa na shati itazuia nyingine zote, na mkononi daima kuna seli moja iliyo gizani.

## Hatua ya 2: Fanya hesabu kabla ya kushika kifaa cha kulehemu

Hapa ndipo mradi unapofa au kupona, kwa hiyo chukua karatasi.

Mapato. Seli 3 kwa laksi 200 hutoa volti 1.5 kwa mikroampia 37 hivi, sawa na mikrowati 55. Moduli ya kuvuna hula sehemu yake. Tukadirie inabakiza asilimia 70, yaani mikrowati 38. Kwa saa 8 za mwanga tunapata nishati ya takriban juli 1.1.

Matumizi ya usingizini. Redio iliyolala na saa yake ikiendelea kuhesabu hutumia karibu mikroampia 2. Ongeza kihisi na swichi, moduli ya kuvuna, na uvujaji wa superkapasita yenyewe, ambao tuuweke mikroampia 1. Jumla ni kama mikrowati 12, usiku na mchana, hata kifaa kisipofanya lolote.

Matumizi ya kazini. Kipimo kimoja cha joto, kwa wastani wa sampuli 8, huchukua milisekunde 125 na hula mikrojuli 50. Kuamka na kurusha, weka mikrojuli 100. Ukipima kila sekunde 30, hiyo ni mikrowati 5.

Mikrowati 17 kwa saa 24 ni juli 1.47. Mapato ni 1.1. Hesabu haikai.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kupunguza vipimo. Tujaribu: saa 16 zisizo na mwanga tupime kila baada ya dakika 5. Matumizi ya siku yanashuka hadi juli 1.2 hivi, na bado yamezidi. Angalia tena mikrowati 12 za usingizini. Hizo ndizo bwana wa nyumba. Kila mikroampia unayoiondoa hapo inakurudishia robo ya juli kwa siku, kwa hiyo Hatua ya 3 na ya 4 zifuate kama zilivyoandikwa.

Kuna nafuu nyingine. Kivuli cha nje mchana hufika laksi 10,000 bila shida, mara 50 ya mwanga wa ofisini. Hata tukikadiria kwamba seli itatoa nusu tu ya inachotakiwa kutoa kwenye mwanga huo, dakika 10 za kwenda kula chakula cha mchana huleta zaidi ya nusu juli. Kama anayevaa hatoki kabisa, mfano mhudumu wa zamu ya usiku, ongeza seli ya nne na ya tano.

Ghala. Giza la saa 16 linahitaji juli 0.72. Kapasita ya faradi 0.22 ikishuka kutoka volti 3.5 hadi 2.2 hutoa nusu ya 0.22 mara (12.25 toa 4.84), yaani juli 0.81. Inatosha, kwa ubavu mwembamba.

Ukibadilisha kifaa chochote, rudia hesabu hii yote. Usiendelee mpaka mapato yazidi matumizi kwenye karatasi, kwa sababu mkononi yatapungua zaidi.

## Hatua ya 3: Laza redio na kihisi, na uthibitishe vimelala

Bodi nyingi za kihisi zina taa ndogo ya kuonyesha kwamba umeme upo. Taa hiyo hula milliampia 1 hivi, zaidi ya mara 200 ya kila kitu kingine kikiwa kimelala. Iondoe kwa ncha ya kifaa cha kulehemu. Ondoa pia regyuleta ya volti kama ipo. TMP117 inakubali volti 1.8 hadi 5.5, haihitaji mlinzi.

Kwenye programu, zima mlango wa kutuma maandishi kwenye kompyuta. Ukiuacha wazi, saa ya kasi ya chipu haizimi na mamia ya mikroampia hupotea kimyakimya. Nyaya mbili za mawasiliano ya kihisi ziache juu wakati wa usingizi. Ukiziacha chini, rizista zake huvuta mkondo muda wote.

Sasa upimaji. Multimita peke yake inadanganya hapa, kwani kwenye kipimo cha mikroampia upinzani wake wa ndani huangusha volti pale redio inapoamka, na chipu inajiwasha upya. Fanya hivi:

1. Chaji kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi volti 3.3, iache dakika 10 ikiwa bado kwenye chaji, kisha ichomoe na uangalie inavyoshuka peke yake. Huo ndio uvujaji wake.
2. Ichaji tena, ichomoe, kisha iunge kwenye redio na kihisi, programu ikiwa ya kulala tu.
3. Hesabu sekunde mpaka volti ishuke kwa 0.1.

Kwa matumizi ya mikroampia 2.5, kushuka huko huchukua sekunde 40. Ukipata 30 au 35, sawa, kwani multimita nayo hula kidogo na kapasita inavuja. Ukipata sekunde 5, kuna kitu hakijalala. Ikishuka kabla hujaanza kuhesabu, taa bado ipo mahali fulani.

## Hatua ya 4: Panga moduli ya kuvuna, kisha ioshe

Onyo. Moduli nyingi za aina hii huuzwa zikiwa zimepangwa kwa betri ya lithiamu, na huchaji hadi volti 4.2. Chipu ya nRF52832 hufanya kazi mpaka volti 3.6, na ikipita 3.9 inaweza kufa moja kwa moja. Usiiunge redio mpaka umeona kwa macho yako moduli inakoma kuchaji kwenye volti 3.5.

Kiwango hupangwa kwa jozi za rizista. Fuata kanuni iliyo kwenye karatasi ya maelezo ya chipu na upange vitu vitatu: mwisho wa kuchaji volti 3.5, ishara ya kuwasha volti 2.8, ishara ya kuzima volti 2.2. Sababu za namba mbili za mwisho ziko kwenye Hatua ya 5.

Rizista hizo ni za megaomu kadhaa, na hapo ndipo uchafu unapoleta balaa. Mabaki ya dawa ya kulehemu, au mafuta ya kidole tu, hutengeneza njia ya pembeni ya umeme ambayo upinzani wake unashindana na rizista yenyewe. Volti uliyoipanga 3.5 inageuka 3.1 leo na 3.8 kesho kukiwa na unyevu. Sugua bodi kwa spiriti ya isopropili na mswaki, pande zote mbili, acha ikauke kabisa, kisha usiiguse tena kwa kidole mahali penye rizista. Kwa anayeishi pwani hatua hii haina mbadala.

Kujaribu: unga seli na superkapasita, weka dirishani, subiri. Volti ipande na kusimama 3.5, ikipishana kidogo tu. Ikisimama hapo kwa saa nzima ya jua, endelea.

## Hatua ya 5: Weka swichi, ili kifaa kijiwashe chenyewe

Fikiria kinachotokea bila swichi. Kapasita imeisha. Asubuhi mwanga unakuja, volti inapanda polepole, 1.5, 1.6, 1.7. Kwenye 1.7 chipu ya redio inaamka. Kuamka kunataka milliampia kadhaa, na seli zinatoa mikroampia 37. Volti inaanguka, chipu inazima, volti inapanda, chipu inaamka. Mzunguko huo unaweza kuendelea siku nzima chini ya taa, na kwa nje kifaa kinaonekana kimekufa.

Swichi inaukatia mzigo, yaani redio na kihisi, umeme kabisa mpaka akiba ya kutosha ipatikane. Iweke kati ya pini ya VSTOR ya moduli (inakotoka nishati iliyovunwa) na redio, na iongozwe na pini ya VBAT_OK (inayotoa ishara za kuwasha na kuzima ulizopanga Hatua ya 4). Superkapasita inakaa kwenye VBAT, pini ya ghala. Kwa mipango yetu swichi inapitisha umeme kwenye volti 2.8 na kuukata kwenye 2.2, katikati yake kuna juli 0.33, ambayo ni zaidi ya kutosha kwa redio kuamka na kujipanga.

Kwa nini tuzime mapema kwenye 2.2 wakati redio inaweza kufika 1.7? Kwa sababu BQ25504 ina maisha mawili. Ghala likiwa juu ya volti 1.8 hivi, inavuna kwa ufanisi. Likiwa chini ya hapo, inarudi kwenye mwanzo baridi: inahitaji volti 0.6 kutoka kwenye seli, na sehemu kubwa ya nishati inapotea ndani ya chipu. Superkapasita tupu kabisa chini ya taa ya ofisini inaweza kukaa humo muda mrefu sana. Ukizima kwenye 2.2, unabakiza akiba ya kuivusha moduli usiku wa ziada. Kwa uvujaji wa mikroampia 1.3, kutoka 2.2 hadi 1.8 ni karibu saa 19.

Lehemu kapasita ya kauri ya mikrofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme za redio. Superkapasita ya sarafu ina upinzani wa ndani wa makumi ya omu. Redio ikivuta milliampia 5 kwa ghafla, volti inazama kwa robo volti au zaidi kwa muda mfupi. Ile ya kauri inabeba mshtuko huo. Usitumie ya elektroliti, inavuja.

## Hatua ya 6: Programu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mifano ya kutangaza (kurusha vipimo hewani) kwa Bluetooth ipo tele. Zingatia haya tu.

Tangaza bila kukubali kuunganishwa. Redio ikirusha bila kusikiliza majibu inalala mapema zaidi.

Usisubiri kihisi kwa kitanzi. Zile milisekunde 125 za kipimo, chipu ikizunguka kungoja, hula milijuli 1.3 hivi, zaidi ya mara 20 ya kipimo chenyewe. Anzisha kipimo, weka saa ya kuamsha, lala, amka usome.

Washa kibadilisha volti cha ndani cha nRF52832 pale tu moduli yako inapokuwa na koili zake. Bila koili, chipu inakwama mara unapokiwasha.

Pima volti ya ghala na uitume pamoja na joto. Chipu hii inaweza kujipima volti yake bila rizista za nje, na simu yako inakuwa multimita isiyokula umeme wa kifaa. Kisha acha volti hiyo iamue mwendo: juu ya 3.2, pima kila sekunde 30. Kati ya 2.8 na 3.2, kila dakika 2. Chini ya hapo, kila dakika 5.

Ukifungua nRF Connect uone kifaa chako kikijitokeza, joto likipanda ukikishika, na volti ikiwa karibu na ile ya multimita, programu iko tayari.

## Hatua ya 7: Majaribio ya giza

Yafanye kabla ya kukifunga kwenye mkanda.

Usiku mmoja. Jaza hadi 3.5, funika kwa kitambaa cheusi saa 16. Asubuhi kiwe bado kinatangaza. Kikizima kabla, rudi Hatua ya 3. Jua pia kwamba superkapasita mpya huvuja zaidi siku za mwanzo. Iache kwenye volti kamili siku mbili, kisha urudie.

Kufufuka. Kiache gizani mpaka kizime chenyewe kwenye 2.2, kisha kiweke chini ya laksi 200 mara moja. Kinahitaji takriban saa 2 na nusu hadi 3 kufika 2.8. Wengi hukichokonoa baada ya dakika 20 wakidhani kimeharibika. Kiache. Kikianza kutangaza bila kuguswa, umeshapita kizuizi kinachowashinda wengi.

Kutoka sifuri. Unga rizista ya omu 100 kati ya ncha mbili za superkapasita mpaka iishe umeme, kisha weka kifaa kwenye kivuli cha nje au dirishani, si chini ya taa. Kiwake chenyewe. Hili ndilo utakalomwelekeza mvaaji akirudi likizo na kukuta bangili imezima.

## Hatua ya 8: Kuvaa

Jasho lina chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Paka bodi nzima, hasa eneo la rizista za megaomu, tabaka la vanishi ya kukinga sakiti. Acha wazi seli na sehemu ya kihisi tu.

Kihisi kikae upande wa ngozi, kimegusana na sahani ndogo ya chuma cha pua, mbali na redio na bila seli juu yake. Seli ikipigwa na jua inapata moto, na joto hilo litasomeka kama homa. Kwa sababu hiyohiyo, usomaji wa bangili hii ni wa kufuatilia mabadiliko. Usitumie kuamua dawa ya mtu. Joto la ngozi ya mkono liko chini ya lile la ndani ya mwili na hubadilika na hewa.

Panga seli zikizunguka mkanda: moja juu, moja kila upande. Mkono unageuka muda wote, na mpangilio huo unahakikisha angalau moja inaona taa. Zifunike kwa plastiki angavu. Gundi ya papo hapo huacha ukungu mweupe, kwa hiyo tumia silikoni pembeni tu.

Mvishe mtu kwa wiki moja na uangalie volti inayotumwa kila asubuhi saa 2. Ikiwa Ijumaa iko sawa na Jumatatu au juu yake, kifaa kinajitegemea. Ikishuka kidogo kila siku, ongeza seli moja. Na ikiwa iko juu siku za kazi lakini kifaa kinazima kila Jumapili, muulize mvaaji bangili inalala wapi mwisho wa wiki. Mara nyingi jibu ni kwenye droo, na dawa yake ni kuiacha juu ya meza karibu na dirisha.